Mchanga ukigoma, yatazame maji: namna misingi ya baharini inavyozamishwa

Nenda ufukwe wa Sahare, Tanga, maji yakiwa ndiyo kwanza yametoka, mchanga bado umelowa na unang'aa. Kanyaga kwa uzito wako wote, kisha usiondoe mguu. Papo hapo mchanga unaozunguka unyayo unapauka, kama umekaushwa na jua la saa nzima. Subiri kidogo, unyevu unarudi. Inua mguu sasa: maji yanatuama kwenye alama ya wayo.

Wengi hudhani mguu umeyakamua maji yakakimbilia pembeni. Ingekuwa hivyo, mchanga wa pembeni ungelowa zaidi badala ya kupauka. Kilichotokea ni kwamba punje za mchanga wa pwani, zilizoshindiliwa na mawimbi usiku na mchana, zimeshonana kiasi kwamba haziwezi kuteleza bila kupandiana migongoni. Zikipandiana, nafasi kati yao zinapanuka, na maji ya juu yanafyonzwa chini kuzijaza. Ndiyo maana juu panakauka. Osborne Reynolds aliieleza tabia hii mwaka 1885, na mpaka leo hakuna mhandisi wa misingi ya baharini anayeweza kuikwepa.

Sasa fanya kinyume. Tafuta mahali ambapo mchanga ni mlegevu, ulioletwa juzi na maji, kisha utikise kwa kisigino haraka haraka. Utageuka uji na mguu utazama. Hapa punje zilikuwa zimekaa ovyo zenye nafasi kubwa. Ukizitikisa zinataka kujipanga upya zikaribiane, lakini maji yaliyo katikati hayajapata muda wa kutoka. Kwa muda mfupi ni maji yanayobeba mzigo, na maji hayana mshiko.

Mchanga uliobanana ukisukumwa hutanuka na kuyavuta maji. Uliolegea husinyaa na kuyasukuma maji. Karibu kila kitu kinachotokea nguzo au ndoo ya chuma inapozamishwa baharini kinaanzia hapo.

Nguvu ya mchanga iko kwenye mgusano

Kuna dhana inayosikika mara nyingi kwamba kina kirefu cha bahari hukandamiza mchanga wa chini na kuufanya mgumu. Si kweli, na hesabu yake ni fupi. Chukua mahali penye maji ya mita 13, kina ambacho lango la Bandari ya Tanga lilichimbwa kufikia. Teremka mita 5 ndani ya mchanga. Maji yaliyo kati ya punje yana shinikizo la kama kilopaskali 180, yaani mita 18 za maji. Shinikizo hilo linaizunguka kila punje pande zote, halizikandamizi punje zenyewe kwa zenyewe. Kinachozikandamiza ni uzito wa mchanga ulio juu yake ukiwa umepunguzwa na maji, karibu kilonyutoni 10 kwa kila mita ya ujazo. Kwa mita 5 unapata kilopaskali 50. Mgusano wa punje kwa punje ni huo tu, na uwezo wote wa mchanga kuzuia chuma unatoka humo.

Kwa hiyo ukiongeza shinikizo la maji pale chini kwa kilopaskali 50 juu ya kiwango chake cha kawaida, mgusano unafika sifuri na mchanga unachemka kama uji wa muhogo. Ukilipunguza shinikizo hilo, punje zinabanana zaidi na mchanga unakuwa mgumu kuliko ulivyoumbwa. Mkondo unaopanda kwenda juu ndani ya mchanga hufanya lile la kwanza. Kwa mchanga wa kawaida, maji yakipoteza kimo cha karibu mita moja katika kila mita moja ya kupanda, punje zinaelea.

Anayezamisha msingi anahitaji mchanga ulegee mahali padogo, kwa muda mfupi, kisha ujifunge tena. Akikosea kipimo, unalegea pote, au haulegei kabisa.

Ndoo inayojizamisha

Njia inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko zote ni ile ya ndoo kubwa ya chuma iliyopinduliwa: mdomo chini, kitako juu, na pampu juu ya kitako. Inateremshwa kwa kreni hadi sakafu ya bahari, inazama kidogo kwa uzito wake, kisha pampu inaanza kutoa maji yaliyobaki ndani. Shinikizo la ndani linashuka, bahari ya nje inasukuma kitako, ndoo inazama.

Nyingi ziko Bahari ya Kaskazini. Jukwaa la gesi la Draupner E lilisimikwa mwaka 1994 upande wa Norwei, kwenye maji ya kina cha mita 70 hivi, juu ya ndoo nne zenye kipenyo cha mita 12 katika mchanga uliobanana sana. Tarehe 1 Januari 1995 kifaa cha leza kwenye jukwaa hilo kilipima wimbi la mita 25.6, nalo jukwaa likabaki limesimama. Huko Frederikshavn, Denimaki, turbini ya upepo ya megawati 3 iliwekwa mwaka 2002 juu ya ndoo moja ya mita 12.

Kwa nini watu walisita kwa muda mrefu kuamini kwamba ndoo inaweza kuingia kwenye mchanga mgumu? Kwa sababu hesabu ya karatasi inakataa. Chukua ndoo yenye kipenyo cha mita 8, ukuta wa urefu wa mita 8 na unene wa milimita 40. Ncha ya ukuta, ule mduara wa chuma wenyewe, ina eneo la takriban mita 1 ya mraba. Sasa pima mchanga kwa koni, ile fimbo ya chuma yenye ncha ya nyuzi 60 na eneo la sentimita 10 za mraba inayosukumwa ardhini kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde. Tuseme imesoma megapaskali 20, namba ya kawaida kwa mchanga uliobanana. Kanuni zinazotumika kwa kuta nyembamba huchukua kati ya 0.3 na 0.6 ya namba hiyo kuwa ukinzani wa ncha. Unapata meganyutoni 6 hadi 12, sawa na uzito wa tani 600 hadi 1,200, na msuguano wa kuta hujauhesabu.

Upande wa pili wa mizani kuna kitako cha mita 50 za mraba. Mfyonzo, yaani tofauti ya shinikizo la nje na la ndani, ukiwa kilopaskali 60 unatoa meganyutoni 3. Ongeza uzito wa ndoo na sehemu yake ya jukwaa, tuseme meganyutoni 1.5 hadi 2. Jumla haifiki 6. Kwa hesabu hiyo ndoo ingesimama njiani kama kigingi kilichogonga mwamba.

Lakini haisimami, kwa sababu pampu ina kazi ya pili. Inapopunguza shinikizo ndani, maji ya bahari yanaanza safari: yanashuka kupitia mchanga wa nje, yanazunguka ncha ya ukuta, yanapanda kupitia mchanga wa ndani kuelekea pampu. Nje yanakandamiza punje kidogo. Ndani yanaziinua. Mkondo huwa mkali kuliko pote pale yanapogeuka, chini ya ncha yenyewe, mahali ambapo ukinzani mkubwa ulikuwa umejificha. Mgusano wa punje unashuka, ukinzani wa ncha unaporomoka hadi sehemu ndogo ya ule wa karatasi, na msuguano wa ukuta wa ndani unafifia pia. Ile meganyutoni 6 haikushindwa kwa nguvu, imeyeyushwa kabla ya kupiganwa.

Namba ya koni, kwa hiyo, ni namba ya mchanga uliotulia. Haikosei, ila inasimulia hali ambayo haitakuwepo siku ya kazi.

Kiasi gani kinatosha, kiasi gani kinaharibu

Mfyonzo ukizidi, mkondo wa ndani unainua mchanga wote badala ya kulegeza ncha tu. Maji yanatoboa njia kando ya ukuta, mchanga unaingia kwenye pampu, na ndoo inapoteza uzibo wake. Kikomo hicho kinategemea kina ambacho ndoo imeshafika: njia ya maji ikiwa ndefu, inavumilia zaidi. Kwa ndoo yetu ya mita 8, ikiwa imezama mita 2 kikomo ni kama kilopaskali 35. Kwa mita 4 ni kama 60. Kwa mita 8 ni kama 100. Hizi ni namba za makadirio kwa mchanga wa aina moja, wala si ruhusa ya kwenda hadi mwisho.

Ndiyo sababu mita ya kwanza hutisha kuliko ya mwisho. Mwanzoni ndoo imeingia kwa uzito wake tu, pengine sentimita 50 au mita moja, na sakafu ya bahari si tambarare kama sakafu ya msikiti. Upande mmoja wa mdomo unaweza kuwa umezama sentimita 60 na mwingine 20. Ukiwasha pampu kwa pupa hapo, maji yatapita upande wenye sentimita 20. Waendeshaji wenye busara huanza na kilopaskali chache, wanangoja pande zote zikae, kisha wanapandisha taratibu. Ikibidi huongeza uzito juu badala ya mfyonzo.

Pampu nayo ina hesabu yake, na mara nyingi ndiyo inayosahaulika. Kuzamisha ndoo yetu mita moja kwa saa ni kutoa mita za ujazo 50 za maji yaliyo ndani. Juu ya hayo kuna maji yanayopenya kupitia mchanga. Kwa mchanga wa wastani unaopitisha maji kwa kasi ya sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde, na mfyonzo wa kilopaskali 60, yanaongezeka mita za ujazo kama 20 hadi 30 kwa saa. Inavumilika. Lakini mchanga mkubwa wa changarawe unaweza kupitisha mara kumi ya hapo, na pampu ile ile itafyonza bahari mchana kutwa bila ndoo kusogea. Kwenye mchanga wa namna hiyo pampu ndogo ni hasara ya siku nzima ya meli.

Kisha kuna suala la kuvimba. Chuma kilichoingia kinahitaji nafasi, na kwa sababu ya mkondo punje nyingi huhamia ndani. Ukuta wa ndoo yetu una ujazo wa mita 8 hivi. Ukiingia wote ndani, unainua uso wa mchanga kwa sentimita 16. Mchanga uliobanana nao ukilegezwa hutanuka. Ukitanuka kwa asilimia 5 kwenye kina chote, hiyo ni sentimita 40 nyingine. Kwa hali mbaya, basi, kitako kinagusa mchanga wakati bado kuna nusu mita ya ukuta iliyobaki nje. Mbunifu makini anaongeza urefu wa ukuta tangu kiwandani, au anaacha mwanya chini ya kitako ujazwe saruji laini. Asiyejua anaendelea kufyonza akidhani amegonga jiwe.

Na wima? Turbini za upepo kwa kawaida huruhusiwa kuinama nyuzi 0.25 tu wakati wa kusimikwa. Msingi ukiwa na miguu kadhaa, kila mguu juu ya ndoo yake, mita 20 kutoka mmoja hadi mwingine, hiyo ni tofauti ya milimita 87. Kila ndoo hupewa pampu yake na valvu yake, na anayeongoza humpunguzia aliyetangulia na kumwongezea aliyebaki nyuma, kama wabebaji wa jeneza wanavyosikilizana mabega. Ukingoja hadi ndoo ziko kina cha mwisho ndipo unyooshe, umechelewa. Mchanga wa nje umeshazishika.

Mbele yake mwongozaji ana vipimo vichache: shinikizo la ndani na la nje, kina, mwinamo, maji yanayopita kwenye pampu, na kimo cha mchanga ndani kinachosomwa kwa mwangwi. Ufundi uko katika kuvisoma kwa pamoja. Mfyonzo ukishuka ghafla huku maji yakiongezeka, maji yametoboa njia. Zima pampu, acha punje zitue, kisha anza upya kwa mfyonzo mdogo kuliko ule, ukiweza kwa uzito zaidi. Mfyonzo ukipanda na kina kikiganda, ama kuna tabaka gumu, ama jiwe, ama ukuta wenyewe umejikunja. Hilo la mwisho si tishio la vitabuni. Ndoo yetu ina kipenyo mara 200 ya unene wa ukuta; ni kopo. Mwaka 2005 huko Wilhelmshaven, Ujerumani, ndoo ya turbini ya majaribio yenye kipenyo cha mita 16 ilijikunja wakati wa kuzamishwa baada ya kugongwa na tishari. Kopo lenye kibonyeo kidogo halihimili tena kile lilichoweza kuhimili likiwa duara kamili.

Tope katikati ya mchanga

Yote haya yamechukulia mchanga mtupu. Ghuba ya Tanga haiko hivyo. Mto Sigi na Mkulumuzi huleta mchanga na tope kutoka milima ya Usambara, msimu wa masika kwa wingi, kiangazi kwa uchache, na matabaka yanapangana kama kurasa. Kwa nguzo ya kugongwa, tabaka la tope la sentimita 20 ni kitu kidogo. Kwa ndoo ni mlango uliofungwa.

Tope halipitishi maji kwa urahisi. Likiwa juu ya mchanga mgumu, maji hayawezi kuzunguka ncha na kupanda ndani. Mkondo unakufa, ulegevu unakufa nao, na ile hesabu ya meganyutoni 6 inarudi kama ilivyoandikwa. Mbaya zaidi, mfyonzo unaolivuta tabaka hilo kutoka juu unaweza kuliinua zima, na mchanga wake juu, hadi liguse kitako. Dawa zipo. Unaweza kupitisha mabomba madogo hadi kwenye ncha na kupuliza maji pale. Unaweza kuongeza uzito. Au unaweza kuipandisha ndoo kidogo kwa kusukuma maji ndani, kisha kufyonza tena, mara kadhaa, hadi tabaka lichoke. Lakini dawa nzuri zaidi ni kupima kabla, koni moja kwa kila mguu, maana tabaka lililopo kwenye mguu wa kaskazini linaweza lisiwepo kwenye wa kusini.

Ugonjwa huohuo huwapata matishari ya miguu, yale yanayojiinua juu ya maji ili kreni itulie. Mchanga mgumu wa mita mbili tatu juu ya tope unaubeba mguu vizuri, unaubeba, unaubeba, kisha unapasuka na mguu unashuka mita kadhaa kwa pigo moja. Ndiyo maana hujazwa maji ya uzito kwanza, mguu kwa mguu, tishari likiwa limeinuliwa kidogo tu, ili kama ni kuanguka lianguke jirani na maji.

Nguzo na nyundo

Gati nyingi za dunia husimama juu ya nguzo, na watu wa Tanga wamelisikia neno hilo sana tangu Chongoleani ilipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Wakulima wa mwani wanaijua nguzo kwa namna yao: kigingi kikigoma wanakitikisa huku na huku kabla ya kukigonga tena, na kinakubali.

Nyundo haingoji maji yatoke. Koni inapita sentimita 2 kwa sekunde, taratibu kiasi kwamba kwenye mchanga safi maji hayabanwi. Pigo la nyundo linasukuma ncha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mchanga uliobanana unajaribu kutanuka, maji hayajawahi kufika, shinikizo linashuka chini ya kawaida na punje zinang'ang'aniana. Mchanga wenye punje ndogo sana huonekana mgumu zaidi chini ya nyundo kuliko ulivyo kweli. Fundi akipumzika kidogo maji yanaingia, na pigo la kwanza baada ya mapumziko linaweza kuonyesha ardhi laini kuliko ile ya mwisho. Katika mchanga mlegevu na katika tope hadithi hugeuka: ukipumzika, nguzo inashikwa, na kuianzisha tena ni kazi.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba msuguano kwenye sehemu ya juu ya nguzo hupungua kadiri nguzo inavyoingia. Mchanga wa mita ya tatu uliona ncha ikipita, kisha ukasuguliwa na mita baada ya mita ya chuma, maelfu ya mapigo. Kila pigo linazipanga upya punje zilizogusana na chuma, na ule mkumbatio wa pembeni unalegea. Ukidhani msuguano wa mita ya tatu utabaki vilevile hadi mwisho, utaagiza nyundo kubwa kuliko inayohitajika. Ukiusahau upungufu huo katika hesabu ya uwezo, utapata nguzo dhaifu kuliko ulivyoahidi.

Lakini subiri. Nguzo zilizogongwa kwenye mchanga mzito wa bahari huko Dunkirk, Ufaransa, zilijaribiwa kwa kuvutwa siku chache baada ya kugongwa, na nyingine baada ya takriban miezi minane. Zilizokaa zilihimili zaidi ya mara mbili. Maji yalikuwa yameshatulia zamani. Kilichoendelea ni punje kujipanga taratibu na kuurudishia ukuta mkumbatio wake, pamoja na kutu inayozigandisha kwenye chuma. Jaribio la siku ya pili, kwa hiyo, linaidhulumu nguzo. Wanaolipia kazi wangepaswa kulijua hili kabla ya kuagiza nguzo za ziada.

Je, nguzo ikigoma kabisa? Kanuni inayotumiwa sana na watu wa mafuta inasema nguzo imegoma ikihitaji mapigo 300 kwa kila sentimita 30, mfululizo kwa mita 1.5, au mapigo 800 kwa sentimita 30 moja. Kuendelea baada ya hapo ni kuharibu ncha. Mdomo wa nguzo ukijikunja ndani hata kidogo, kila pigo linaukunja zaidi, na hakuna anayeuona hadi nguzo inasimama mita nyingi kabla ya kina chake. Dawa ni kuchimba mchanga uliomo ndani, au kupuliza maji. Kupuliza maji kunarahisisha, lakini kunauharibu mchanga uliokusudiwa kuishika nguzo. Mita kadhaa za mwisho zinapaswa kuachwa kwa nyundo.

Mtetemo ni njia ya tatu. Mashine inaishika nguzo kichwani na kuitetemesha mara 20 hadi 40 kwa sekunde. Ni kile kigingi cha mwani kinachotikiswa, kwa kipimo kikubwa. Mchanga unaogusana na chuma unapoteza mgusano, nguzo inateleza, na kelele inapungua sana. Hilo si dogo kwa maji ambayo tangu mwaka 2009 yana Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, jirani. Ubaya wake ni kwamba nguzo iliyoingia kwa mtetemo haikuachii idadi ya mapigo ya kusoma. Kwa hiyo wengi humalizia kwa nyundo ili wapate cha kupima.

Mchanga uliokuwa hai

Mchanga wa mto umetokana na miamba ya milimani, na punje zake nyingi ni madini ya kwazi (quartz): magumu, hayavunjiki kirahisi. Ukienda nje kuelekea miamba ya matumbawe, mchanga unabadilika. Uchukue kiganjani uutazame kwa makini: vipande vya kombe, vijiti vya matumbawe, maganda madogo yenye matundu. Huo mchanga ulikuwa hai. Tone la ndimu juu yake linatoa mapovu.

Punje hizi zina pembe kali, zinapandiana vizuri, na ukizipima maabara zinaonyesha msuguano mzuri hata kuliko kwazi. Ndipo mtego ulipo. Zikipigwa, zinavunjika. Zikivunjika zinasinyaa, na mchanga unaosinyaa hauubani ukuta wa nguzo. Mwaka 1982 katika jukwaa la North Rankin A, magharibi mwa Australia, nguzo zilikuwa zikigongwa kwenye mchanga wa namna hii, na nguzo moja ikaponyoka na kushuka karibu mita 60 kwa uzito wake wenyewe. Jukwaa lililazimika kuimarishwa kwa gharama kubwa. Tangu hapo, kwenye mchanga wa matumbawe wengi huchimba tundu, wanateremsha nguzo, kisha wanajaza saruji kati ya chuma na ukuta wa tundu badala ya kutegemea msuguano wa kugonga.

Kwa pwani yetu, mtu anayeleta namba za mchanga wa Bahari ya Kaskazini na kuzitumia bila kutia ndimu anacheza kamari.

Ijaribu kwenye pipa

Hakuna haja ya kuamini haya kwa maneno. Chukua pipa la plastiki, weka mchanga uliooshwa wa sentimita 25, jaza maji yapite juu ya mchanga kwa sentimita 30. Chukua chupa ya maji ya lita 6 inayoonyesha ndani, kata kitako chake, ibaki na shingo na kuta za sentimita 15. Toboa kizibo, pitisha bomba laini, ziba kwa gundi. Iteremshe ndani ya maji wima, shingo juu, itoe hewa yote kupitia bomba, kisha isukume kwa mkono iingie mchangani sentimita 4 au 5. Weka juu yake uzito wa kilo moja uliosawazishwa.

Jaza bomba maji, toa mwisho wake nje ya pipa, uushushe sentimita 5 chini ya uso wa maji ya pipa. Huo ni mfyonzo wa karibu nusu kilopaskali, ukitoa kinachopotea kwenye msuguano wa bomba. Chupa itaanza kushuka, polepole, bila kuguswa. Tazama mchanga wa ndani: uso wake unapanda kidogo. Kwa chupa ya kipenyo cha sentimita 17 iliyoingia sentimita 5, kikomo kiko karibu na sentimita 9 za maji. Shusha bomba kwa ghafla sentimita 30. Mchanga wa ndani utachemka, njia itatoboka kando ya ukuta, na maji yatakayotoka yatakuwa na mchanga. Chupa haishuki tena hata ukifyonza vipi.

Anza upya, na safari hii tandika udongo wa mfinyanzi wa unene wa kidole katikati ya mchanga. Chupa itafika hapo na kusimama.

Ikishakaa vizuri kwenye mchanga mtupu, shika shingo uivute kwa ghafla: inagoma, maana kitu chochote kitakachotanuka chini yake lazima kivute maji, na maji hayajafika. Ivute polepole kwa dakika mbili nzima, inakuja. Au weka faneli kwenye mwisho wa bomba, iinue juu ya pipa, mimina maji. Chupa inapanda yenyewe, ikiacha mduara mwembamba mchangani.